Kanisa Linalokubali Kuulizwa

Anayehamia Moshi leo hakosi kanisa. Anakosa namna ya kuchagua. Akipanga chumba Pasua, Majengo au Rau, Jumapili asubuhi atasikia kengele ya Walutheri upande mmoja na mapambio ya Wapentekoste upande wa pili, na jirani yake Mkatoliki atakuwa amerudi kutoka misa ya kwanza kabla yeye hajanywa chai. Wasabato wameshasali jana yake. Juu ya hayo kuna huduma zinazokodi kumbi, zinazofunga mahema kwenye viwanja vya wazi, na zinazomfikia kwa simu bila yeye kutoka kitandani. Muuguzi aliyepangiwa hospitali ya KCMC, mwanafunzi aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Ushirika, mama aliyefuata ndoa kutoka Singida, kila mmoja ataulizwa mapema sana, "Wewe unasali wapi?" Wanaouliza wana nia njema, ila swali lenyewe linataka jibu la papo hapo, na wengi hujibu kwa kutaja kanisa la karibu, au lenye kwaya nzuri, au lile ambalo mfanyakazi mwenzao aliwahi kuwapeleka. Makala hii ni kwa ajili ya yule ambaye bado hajajibu, na kwa yule aliyejibu zamani na sasa ana mashaka.

Kwa waliozaliwa mlimani Kilimanjaro kabla ya Uhuru, suala la kuchagua karibu halikuwepo. Waanglikana wa shirika la CMS walifika Moshi mwaka 1885 lakini hawakudumu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho. Walutheri wa misheni ya Leipzig waliingia Machame mwaka 1893. Mangi huyu, mtawala wa eneo lake, akampokea padre, mangi yule akampokea mchungaji, na hadi leo ukitaja Rombo au Kibosho watu wanafikiria Ukatoliki, ukitaja Machame au Mwika wanafikiria Ulutheri. Dhehebu lilirithiwa pamoja na kihamba, shamba la ukoo. Tunaweza kuulaumu mgawanyo huo kwa mengi, lakini ulikuwa na ulinzi wake ambao hatuusemi vya kutosha: watu walijuana. Mzee wa kanisa aliyegusa sadaka alijua kwamba atakutana na wenye sadaka kwenye mfereji, sokoni na msibani, na kwamba kisa chake kitafika nyumbani kabla yake. Ulinzi huo haukushuka mjini pamoja nasi. Mjini unasali katikati ya watu usiowajua, chini ya kiongozi ambaye hujui alikotoka wala aliyemtuma, na kwa hiyo unahitaji kipimo kinachofanya kazi hata pale ambapo ujirani wa vizazi vitatu haupo.

Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja. Muumini wa kawaida, asiye na cheo wala fedha, akiwa na swali au lalamiko juu ya kiongozi, matoleo au mafundisho, je, lina njia ya kupanda? Na likishapanda, je, jibu linashuka? Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inaeleza kanisa la Yerusalemu likilalamikiwa waziwazi: wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita walalamikaji waasi, wala hawakuwaambia waombe zaidi. Waliita mkutano, wakawaambia watu wachague saba wenye sifa njema, na majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo, yote ni ya Kiyunani. Maana yake, kwa kadiri majina yanavyoweza kutuonyesha, usimamizi wa chakula ulikabidhiwa kwa watu wa upande uliolalamika. Sijui picha bora zaidi ya kanisa lenye afya kuliko hiyo. Kanisa lile lilikuwa na kasoro, tena kasoro ya kibaguzi, na bado lilikuwa na afya, kwa sababu kasoro ilipotajwa ilishughulikiwa na waliotajwa kuwa na kasoro.

Mifano ya jirani zetu inaonyesha kinachotokea pale njia hiyo inapozibwa. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu walikufa. Moto wa kanisani kwao uliwaka tarehe 17 Machi 2000. Wafuasi walikuwa wameuza mali zao na kukabidhi kwa viongozi, na kuzungumza wenyewe kwa wenyewe kulibanwa kiasi kwamba waliwasiliana kwa ishara, wasije wakavunja amri kwa ulimi. Dunia ilikuwa iishe mwishoni mwa 1999. Haikuisha, na inaelezwa kwamba baadhi walianza kudai mali zao kabla ya maafa. Waasisi wake walitoka katika Ukatoliki, mmoja wao aliwahi kuwa padre, kwa hiyo anayedhani hatari hii ni ya walokole peke yao aanze kwa kufikiri upya hapo. Kisha Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao alikuwa amekwisha kukamatwa miaka ya nyuma kwa mafundisho yake dhidi ya shule. Hatua zilifuatana kwa mpangilio unaotisha: kwanza watoto walitolewa shuleni, hospitali ikakataliwa, kisha watu wakahamia msituni, mbali na ndugu ambao wangeuliza. Hakuna aliyeingia siku ya kwanza akaambiwa afe kwa njaa. Aliambiwa kwanza asiulize.

Na Moshi tunao msiba wetu wenyewe. Jumamosi jioni ya tarehe 1 Februari 2020, katika viwanja vya Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, miongoni mwao watoto, umati ulipokuwa ukikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sioni sababu ya kuwadharau waliokwenda pale. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni, ndoa zilizovunjika na watoto wasio na kazi, na haja ya kuguswa na Mungu ni haja halali kabisa. Ninachotaka kukisema ni kwamba mkutano wa namna ile hauna mahali pa swali. Aliyesimama katikati ya maelfu hawezi kuuliza mlango wa pili uko wapi, wala ni nani aliyekadiria idadi ya watu, wala kwa nini baraka ya Mungu ipatikane kwenye kipande kimoja cha ardhi kwa dakika chache tu. Mhubiri hamjui kwa jina. Kesho yake mhubiri yuko mkoa mwingine, na aliyevunjika mguu anabaki na mguu wake. Mkutano wa injili unaweza kumfikisha mtu kwa Mungu, na wengi wamefikishwa hivyo, ila usiufanye kuwa kanisa lako, kwa kuwa mkutano hauwezi kukujua, na asiyekujua hawezi kuwajibika kwako.

Tuanze na fedha, kwa sababu hapo kipimo hiki kinapimika kuliko kwingine kokote. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Sura ya nane ya Wakorintho wa Pili inaonyesha kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na sababu anaieleza bila kuzunguka: hakutaka mtu yeyote apate la kumlaumu. Mtume aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya hakuona aibu kukaguliwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 537, inadai kila parokia iwe na kamati ya fedha. Katika sharika nyingi za Kilutheri matoleo ya Jumapili iliyopita husomwa kwenye matangazo, na ule mnada wa baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi, kuku na trei ya mayai hunadiwa uwanjani mbele ya wote, ni hesabu ya wazi ambayo hata mtoto anaweza kuifuata. Kwa hiyo ukiwa mgeni, sikiliza kama matoleo yanatangazwa, kisha uliza kwa upole ni nani wanaohesabu na ni lini mapato na matumizi ya mwaka yanasomwa. Ukitoa kwa simu, angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha: je, ni la kanisa au la mtu? Kanisa linalopokea sadaka kwenye namba binafsi ya mchungaji linaweza kuwa na mchungaji mwaminifu kabisa, lakini uaminifu wake umeachwa bila shahidi, na siku akishtakiwa kwa uongo hatakuwa na cha kujitetea nacho.

Fungu la kumi silipingi, wala ahadi, wala harambee ya kuezeka kanisa. Makanisa ya mlimani yamejengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani na kwa michango ya kahawa. Napinga jambo moja mahsusi, nalo ni kufungamanisha kiasi cha sadaka na kiasi cha muujiza. Ukiambiwa kwamba mbegu ya elfu kumi inazaa jibu dogo na ya laki tano inazaa jibu kubwa, swali la mtu maskini limeshazimwa kabla halijaulizwa: muujiza usipotokea, kosa ni lake, alipanda kidogo. Mafundisho ya namna hiyo hayawezi kukosolewa na tukio lolote, na mchungaji anayeyafundisha hawezi kamwe kukutwa amekosea.

Baada ya fedha, nenda kwenye jumuiya. Ibada ya Jumapili huandaliwa. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba haina maandalizi ya kutosha kuficha kitu. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa maisha ya parokia, na Walutheri wa Kilimanjaro wana jumuiya zao za mtaani. Wazo lenyewe lina mizizi ya zamani hapa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi kwa miongo kadhaa hadi 1938, alishikilia kwamba Ukristo wa Wachagga usimame juu ya ukoo, ujirani na rika. Alikosolewa, na baadhi ya lawama zilikuwa za haki, maana mtu anayependa mila za wengine kupita kiasi anaweza kuwazuia wasibadilike. Lakini aliona sawasawa kwamba imani ya mtu mmoja mmoja, iliyokatwa kutoka kwa majirani, haidumu. Nenda jumuiya mara kadhaa kabla ya kujiandikisha. Sikiliza kama mwanamke anaweza kueleza somo alivyolielewa bila mwenyekiti kumkatiza, na kama aliyekosa wiki tatu anaulizwa afya yake au mchango wake. Wakati msichana wa kazi anapoingia na chai, angalia kama anaambiwa akae asali nao au anarudishwa jikoni. Yakobo aliandika kwa ukali juu ya kanisa linalompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame, na mandhari hiyo unaweza kuikuta sebuleni Shanty Town au kwenye nyumba ya tope Uru.

Hapa nakutana na pingamizi zito, na haliletwi na maadui wa kanisa. Wapo wanaosema kwamba jumuiya zimegeuka kituo cha ushuru. Bila sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya mtoto habatizwi, ndoa haifungwi, na, baya kuliko yote, marehemu anabishaniwa: je, alikuwa "hai" kwenye jumuiya, alilipa ahadi, alishiriki? Malalamiko hayo yanasikika kwa Wakatoliki na kwa Walutheri pia, na kwenye mlima ambako kuzikwa vizuri kihambani ni jambo la heshima ya ukoo mzima, tishio la kunyimwa ibada ya mazishi ni silaha kali kuliko mahubiri yoyote. Nakubali kwamba hali hiyo ni ugonjwa. Sikubali kwamba dawa yake ni kuikimbia jumuiya. Utaratibu wa kujua nani ni nani uliwekwa ili mgonjwa atembelewe na yatima asisahauliwe, na unapotumika kudai madeni kwa waliofiwa, hilo ndilo lalamiko linalopaswa kupanda hadi kwa paroko, kwa mchungaji, kwa mkuu wa jimbo, kwa askofu. Parokia au usharika wenye afya utaitambua tofauti kati ya aliyeikana imani na bibi aliyeshindwa kutoa kwa sababu kahawa haikuzaa. Muulize mtu yeyote wa eneo hilo msiba wa mwisho wa maskini ulikwendaje: nani alikuja kusali, nani alileta sukari na mahindi, mchungaji alikaa muda gani. Hutapata taarifa ya kweli zaidi kuhusu kanisa lile, hata ukisoma katiba yake yote.

Hali ni hiyohiyo katika adhabu za kanisa. Kumtenga mtu na Meza ya Bwana ni desturi ya zamani, na sioni ubaya wa kanisa kuwa na msimamo juu ya mwenendo wa watu wake. Angalia tu anatengwa nani na anarudi vipi. Kama binti aliyepata mimba anasimamishwa mbele ya watu na kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba kwenye kwaya, umeona ya kutosha. Na kama njia ya kurudi kundini haijulikani au inalipiwa, kanisa hilo liko nyuma ya mila za mlima wenyewe, kwa kuwa Mchagga anayekuja ameshika jani la isale kuomba msamaha hafukuzwi mlangoni.

Pingamizi la pili linasema: unatusifia vikao na katiba, na bado makanisa yenye vikao na katiba ndiyo yaliyoficha maovu makubwa. Ni kweli. Mwaka 2002 huko Boston, Marekani, ulimwengu ulijua jinsi viongozi wa Kanisa Katoliki walivyowahamisha mapadre waliodhulumu watoto kutoka parokia moja hadi nyingine, wakiwa na kila aina ya ofisi na sheria. Na karibu zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgogoro wa Wameru waliotaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), yenye makao yake hapa Moshi, ulifika mahali pa watu kuchomeana nyumba, na ukaacha nyuma dayosisi mpya pamoja na kanisa jingine lililojitenga. Hakuna aliyekosa katiba katika kisa hicho. Ndiyo maana kipimo changu kina nusu mbili. Boston lalamiko lilipanda. Wazazi waliandika barua, maaskofu walizisoma. Halikushuka jibu. Usiridhike kusikia kwamba kanisa lina baraza la wazee. Uliza ni lini mara ya mwisho baraza hilo lilimwambia mchungaji hapana. Kama hakuna anayekumbuka, huenda mchungaji ni mtakatifu, ila yaelekea zaidi kwamba baraza ni la mapambo. Uliza pia watoto wa shule ya Jumapili wanakaa na nani, na kama yupo mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa kwa jina la ushauri au maombezi.

Haki inanidai niseme upande wa pili pia. Kanisa changa la watu 60 kwenye banda la mabati Kiborloni linaweza kupita kipimo hiki kuliko kanisa kuu lenye mnara. Kama lina wazee ambao si mke, kaka na shemeji za mchungaji, kama limeandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani na halifichi katiba yake, kama lina uhusiano na makanisa mengine yanayoweza kumwita mchungaji wake na kumhoji, basi udogo wake ni faida. Uandikishaji peke yake haumfanyi mtu kuwa mkweli, lakini mtu asiyetaka hata katiba yake isomwe ameshakueleza jambo kuhusu yeye mwenyewe.

Pingamizi la tatu ni la kiroho, na ndilo linalowanyamazisha watu wengi wema. Husemwa kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi, na kwamba anayemhoji nabii anampinga aliyemtuma. Wanaosema hivyo humtaja Daudi, aliyekataa kumdhuru Sauli. Wasome sura hiyo ya Samweli wa Kwanza hadi mwisho. Daudi hakumdhuru Sauli, lakini alitoka pangoni akamwita kwa sauti, akiwa ameshika kipande cha vazi la mfalme, akamuuliza kwa nini anamwinda. Baadaye Daudi mwenyewe akiwa mfalme alikabiliwa na Nathani, na akakiri. Samweli alipozeeka aliwasimamisha Waisraeli wote akawataka waseme kama amewahi kuchukua ng'ombe au punda wa mtu, ili arudishe. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana huko Antiokia, na Waberoya walisifiwa kwa kuyapima mahubiri ya Paulo kwa Maandiko kila siku. Upande wa pili yupo Diotrefe, katika Waraka wa Tatu wa Yohana, aliyependa kuwa wa kwanza, akawakataa wageni na kuwafukuza waliowapokea. Ukisoma Biblia kwa mpangilio huo utaona kwamba upako ulio wa kweli haukuwahi kuogopa swali. Kiongozi anayetumia Jina la Mungu kujikinga na maswali kuhusu gari, kiwanja au wanawake anajipa kinga ambayo Samweli aliikataa.

Kuhusu uponyaji nitasema kwa kifupi. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imezaliwa na makanisa. Wakristo wa eneo hili waliona maombi na upasuaji vinakaa chini ya paa moja. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri kwa shilingi 500. Bei ile haikuwa ya tapeli, na bado wapo wagonjwa walioacha dawa zao na wakadhurika. Kwa hiyo usimpime anayeombea wagonjwa kwa bei yake wala kwa upole wake tu. Mpime kwa anachokuambia kuhusu vidonge vilivyo mfukoni mwako. Akisema uviache ili kuonyesha imani, ondoka siku hiyohiyo, hata kama amekuombea bure na kwa machozi.

Kuna suala la majira ambalo mgeni hulikosea sana. Desemba mlima unajaa. Wachagga wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kula Krismasi nyumbani, makanisa yanafurika hadi chini ya miti, harambee zinafanyika, magari yamepanga foleni hadi barabarani. Usilichague kanisa la Marangu au Machame kwa ulichokiona Desemba. Rudi mwezi wa nne, masika yamekolea, njia ni tope, na kanisani wamebaki wazee, wajane, wajukuu walioachwa kwa bibi na mwalimu wa shule ya msingi. Hapo utaona kama mwinjilisti anahubiri kwa bidii ileile, kama wagonjwa wanapelekewa Meza ya Bwana nyumbani, na kama fedha za Desemba zilifanya kile kilichotangazwa. Mjini nako, usihesabu kanisa kuwa lako kabla hujaliona katika msiba, katika uchaguzi wa viongozi na katika wiki ambayo mchungaji hayupo. Kanisa linalosimama mchungaji akisafiri lina watu. Linalofungwa lilikuwa na mtu.

Baadhi ya wasomaji wataona hili linachukua muda mrefu mno, na kwamba Mkristo asiye na kanisa kwa nusu mwaka atapoa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini kuchunguza hakumzuii mtu kusali. Kaa mahali pamoja badala ya kuzunguka kila wiki. Shiriki, toa sadaka ya kawaida, imba kama una sauti. Chelewesha tu ahadi kubwa, uongozi, na kumkabidhi mtu siri za nyumba yako. Kama umetoka usharika au parokia nyingine, omba barua ya utambulisho na uipeleke mapema, kwa sababu inawafanya wanaokupokea wakujue, na inawafanya uliowaacha wajue kwamba hukupotea. Mwenye ndoa asijisajili mahali ambapo mwenzake hatakiwi kuuliza chochote. Na kanisa likikutaka ukate mawasiliano na wazazi wako kwa sababu wao ni wa dhehebu jingine au wanakunywa mbege, kumbuka Shakahola ilianzia wapi.

Yule ambaye tayari yuko ndani ya kanisa analolitilia shaka namshauri aanze na swali moja dogo na la haki, kwa mfano taarifa ya mchango uliokwisha, aliulize kwa adabu kwa mtu sahihi, na asubiri. Jibu likija, hata likiwa la kukiri uzembe, ana kanisa la kujenga, na pengine yeye mwenyewe ndiye mhasibu waliyekuwa wanamkosa. Akitajwa madhabahuni kama adui wa kazi ya Mungu, asibishane. Aage wachache anaowapenda, aondoke, na asiogope laana atakazotangaziwa. Na pale lalamiko linapohusu mtoto aliyedhulumiwa, mwanamke aliyebakwa au mgonjwa aliyefungiwa, lisianzie kwenye baraza la wazee hata kidogo. Aende kituo cha polisi, aulize Dawati la Jinsia na Watoto, atoe maelezo yake kwanza huko, na viongozi wa kanisa waitwe kutoa yao baadaye.